Kaseti ya mchezo wa redio wa anga za juu inapiga yowe na sauti zimekuwa nyembamba: bado inaokoleka?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina kaseti ya dakika 60 niliyorekodi kutoka redioni mwaka 1987, wakati huo tukiishi Temeke. Upande wa kwanza una mchezo mfupi wa redio, bunilizi ya kisayansi ya dakika 25 hivi: watu watatu wako ndani ya chombo cha anga, mtambo unaowaongoza unaanza kuwadanganya, na mwishoni anabaki nahodha peke yake akiita dunia isiyomjibu. Nimeupenda mchezo huu tangu ujana na maneno mengi nayajua kwa kichwa. Juzi nimeutoa kabatini baada ya miaka mingi, nikauweka kwenye redio kaseti ya mtumba. Sauti zimekuwa nyembamba na zinakimbia, na kadiri mchezo unavyosonga ndivyo zinavyozidi kuwa za kitoto. Kaseti inapiga yowe, sauti imefifia haina ukali, na kuna mahali namsikia nahodha kwa mbali kabla hajaongea. Pembeni mwa utepe kuna chenga nyeupe. Fundi kaniambia niioke kwenye oveni. Mpwa wangu anasema ipo programu ya akili mnemba itakayoisafisha kwa dakika moja. Je, mchezo wangu umekufa? Na nitausikia tena kama zamani?"

Ndugu msomaji, kwa dalili ulizozieleza, mchezo wako haujafa. Umeleta malalamiko matano na umeyaweka yote kwenye hesabu ya kaseti, lakini mengine hayatoki kwenye kaseti hata kidogo. Yapo yaliyoingia siku ileile ya 1987, na yapo yanayoletwa na hiyo redio ya mtumba. Tukishayatenganisha, kila moja lina dawa yake. Ila nakuomba jambo moja kwanza: usiicheze tena kaseti hiyo mpaka umalize kusoma. Utepe wenye ukungu ukizungushwa unaweza kunata na kukatika, na chenga zake huchafua hedi, yaani kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, na kuhamia kwenye kaseti nyingine utakazocheza baadaye.

Tuanze na hizo chenga. Washa tochi, mulika dirisha dogo la kaseti kwa pembeni, uangalie kingo za utepe uliojizungusha. Ukungu hukaa kwa mabaka, una nyuzinyuzi zinazovuka kutoka mzunguko mmoja wa utepe hadi mwingine, na kaseti inanuka kama chumba kilichofungwa muda mrefu. Ukiona unga uliosambaa sawasawa, usio na nyuzi wala harufu, huenda ni mafuta ya kulainisha yaliyochanganywa kwenye utepe kiwandani, ambayo hujitokeza juu yakaganda. Hayo hayatishi sana. Ukungu hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hadi 70, na Dar es Salaam hewa yetu huvuka kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Kabati la mbao lililogusa ukuta wa nje ndilo mahali pabaya kuliko pote.

Kama ni ukungu, ukaushe kabla ya kuugusa. Chukua chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, tia gramu 100 hivi za silika jeli, zile punje zinazowekwa kwenye masanduku ya viatu na vifaa vya umeme, kisha weka kaseti juu ya kibao kidogo ili isigusane nazo. Ukipata kipimo kidogo cha unyevu kiweke humo humo. Unatafuta asilimia 40 hadi 50. Iache siku tano hadi saba. Usitumie mchele, maana una vumbi la wanga, na wanga ni chakula cha ukungu. Usianike juani pia, kwa sababu joto hukunja ganda na huzidisha ule mwangwi wa nahodha ambao tutaufikia. Ukungu ukikauka huwa unga mwepesi usionata. Hapo toka nje ya nyumba, vaa barakoa nzuri inayobana uso, upige brashi laini kwenye kingo za utepe. Mwenye pumu asiifanye kazi hii, ampe mwingine.

Sasa oveni. Naelewa fundi wako ametoa wapi ushauri huo. Kuna tepe za magurudumu makubwa ya wazi, hasa za studio zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980, ambazo gundi inayoshika chembe za sumaku hunyonya unyevu ikawa inanata. Hizo maabara huzipasha joto la takriban nyuzi 50 hadi 55 kwa saa nyingi, ndani ya tanuri lenye kudhibiti joto kwa uangalifu, halafu huzinakili upesi. Kaseti ndogo kama yako ni nadra kupatwa na ugonjwa huo. Na oveni ya jikoni ukiiwekea nyuzi 50 hupanda na kushuka kwa nyuzi nyingi bila wewe kujua, wakati ganda la kaseti ni plastiki inayopinda kwa joto. Usiioke.

Yowe unalolisikia kwa kawaida hutoka kwenye ganda. Ndani ya kaseti kuna karatasi mbili laini, moja juu na moja chini, zinazouwezesha utepe kuteleza. Kuna rola mbili ndogo kwenye kona za mbele. Na kuna kipande kidogo cha sponji au manyoya kwenye bamba jembamba la shaba, kinachousukuma utepe ugusane na hedi. Karatasi zikichakaa, rola zikigoma au sponji ikikauka, utepe huanza kutetema, na mtetemo huo ndio yowe. Dawa ni kuuhamishia utepe kwenye ganda zima la kaseti nyingine ya dakika 60.

Geuza kaseti uangalie kama ina skurubu tano. Kama inazo, kazi hii unaiweza mwenyewe kwa dakika 20, mezani penye mwanga, mikono ikiwa safi na mikavu na feni ikiwa imezimwa. Fungua kwanza ganda la kaseti usiyoihitaji, upande wa kwanza ukiwa juu, inua nusu ya juu moja kwa moja bila kuitikisa, upige picha kwa simu ili ujue kila kitu kilikaa wapi. Toa utepe wake, uache rola, karatasi na sponji mahali pake. Kisha fungua ya kwako na unyanyue vigurudumu vyote viwili kwa pamoja, ukivishika katikati. Usiguse uso wa utepe kwa vidole. Upana wake ni milimita 3.81 na unene wake ni takriban maikromita 18 tu, kwa hiyo ukijikunja mara moja alama yake haitoki. Upitishe nje ya rola zote mbili na mbele ya sponji, uhakikishe haujajipindua. Ukijipindua utasikia sauti hafifu sana iliyofifia, na maneno yakienda kinyumenyume. Rudisha kifuniko, kaza skurubu mpaka zishike tu. Ukizikaza kupita kiasi ganda linabana na yowe linarudi. Zungusha vigurudumu kwa kalamu: vizunguke bila kukwama. Ganda lisilo na skurubu limeunganishwa kwa joto na lazima lipasuliwe kwenye mshono. Hilo mwachie fundi aliyewahi kulifanya.

Hiyo redio ya mtumba nayo isiiguse kaseti yako kabla ya kupimwa. Tumia kaseti usiyoijali. Safisha hedi na kile kiegemeo chembamba cha chuma kinachozunguka kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, na spiriti ya rangi huacha utando. Rola ya mpira ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, kisha uikaushe, maana alkoholi ikitumiwa mara nyingi huukausha mpira ukapasuka. Kama redio inameza utepe au kasi inayumba, belti yake imelegea au imeyeyuka ikawa kama lami. Mafundi wa Kariakoo wanabadilisha belti za namna hiyo, na ukienda na ile ya zamani wataipima.

Sasa nifike kwenye jambo lililokuumiza zaidi, sauti za waigizaji. Sauti inayopanda taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wa upande mmoja ina chanzo kinachojulikana: betri za kinasa sauti zilikuwa zinaisha wakati wa kurekodi. Kaseti inatakiwa kupita kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Betri zikichoka, mota hupungua mwendo, na sekunde moja ya mchezo inaandikwa kwenye kipande kifupi cha utepe kuliko inavyotakiwa. Leo ukicheza kwa mwendo sahihi, kipande hicho kinapita upesi, na sauti inapanda. Vinasa sauti vingi vilikuwa na kidhibiti kilichoshikilia mwendo mpaka nguvu ya betri ilipoanguka chini ya kiwango fulani, baada ya hapo mwendo ulishuka kwa kasi. Ndiyo maana mwanzo unavumilika na mwisho unatia uchungu. Waigizaji hawajabadilika wala utepe haujanywea. Ni hesabu tu, na hesabu hurekebishwa.

Lakini pima redio yako kwanza, maana mashine za mtumba nyingi hukimbia au kuchelewa kwa asilimia mbili tatu. Tafuta kaseti ya muziki iliyouzwa dukani, yenye wimbo ambao unaweza pia kuupata kwa njia ya kidijitali, rekodi ileile. Wimbo wa sekunde 240 ukimalizika kwa sekunde 234, mashine yako inakimbia kwa asilimia 2.6. Nyuma ya mota nyingi kuna tundu dogo lenye skurubu ya kurekebisha mwendo. Igeuze kidogo sana, kisha upime tena. Kinachobaki baada ya hapo ni kosa la 1987.

Kulipima hilo, mchezo wa redio una zawadi mbili. Ya kwanza ni ile milio sita ya saa, kama ulianza kurekodi kabla ya saa kamili au ukaendelea mpaka taarifa ya habari. Kutoka mlio mmoja hadi unaofuata ni sekunde moja, hivyo kutoka wa kwanza hadi wa sita ni sekunde tano kamili. Ukipima kwenye kompyuta ukapata sekunde 4.7, gawanya kwa tano: ni 0.94, maana yake upunguze mwendo wa mahali hapo kwa asilimia sita. Zawadi ya pili ni muziki wa utambulisho. Mara nyingi muziki uliofungua mchezo ndio uliofunga, kutoka santuri au utepe uleule. Linganisha noti moja ya mwanzo na ileile ya mwisho. Ikiwa imepanda nusu toni, umepata takriban asilimia sita za tofauti kati ya ncha mbili. Kwenye programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, ipo zana inayobadili mwendo taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakikisha muda na kimo cha sauti, yaani unene au wembamba wake, vinabadilika kwa asilimia ileile, kwa sababu programu hutoa nafasi ya kubadili kimoja na kukiacha kingine, na ukifanya hivyo unaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Na kwa kuwa betri hazikushuka kwa mstari ulionyooka, huenda ukalazimika kuugawa mchezo vipande vitatu au vinne, kila kimoja na kipimo chake.

Usitumie kumbukumbu yako kama kipimo, hata kama maneno unayajua kwa kichwa. Sikio la mpenzi wa muda mrefu limeshaipamba sauti ya nahodha. Na usitumie kabisa sauti ya mtambo, kwa kuwa sauti za mitambo katika michezo ya aina hii zilipandishwa au kushushwa makusudi studioni.

Ufifi wa sauti una sababu mbili, na ni moja tu inayotibika. Inayotibika ni pembe ya hedi. Hedi lazima ikutane na utepe kwa pembe ileile iliyotumika kurekodi. Ikipishana kidogo tu, sauti kali kama "s" na "sh" hupotea kwanza. Pembeni mwa hedi kuna skurubu mbili, na ile yenye springi chini yake ndiyo ya kurekebishia. Cheza sehemu yenye maneno mengi, unganisha chaneli mbili ziwe moja, kisha igeuze skurubu hiyo polepole, si zaidi ya robo mzunguko kila upande, mpaka "s" zisikike kali kuliko mahali pengine popote. Fanya hivi kwa kila kaseti ya zamani. Pembe ya kinasa sauti chako cha Temeke haikuwa pembe ya kiwanda.

Sababu ya pili ni matangazo yenyewe ya redio. Kama uliusikiliza kwenye masafa ya kati, ujue kwamba katika Afrika vituo vya masafa hayo vimepangwa kila baada ya kilohezi tisa, na hilo huiachia sauti nafasi ya hadi kilohezi 4.5 hivi, redio nyingi ndogo zilikata hata chini ya hapo. Ukali unaoutafuta haukupotea kabatini, haukuwahi kufika nyumbani kwenu. Ukipandisha sauti za juu ya kilohezi tano utapandisha mvumo wa utepe peke yake.

Sasa unakili. Usiweke simu mbele ya spika. Toa waya kutoka tundu la kutolea sauti, si spika, uingize kwenye kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia la laini. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24. Hicho ndicho kiwango ambacho IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, inataka mtu asishuke chini yake. Acha vilele vya sauti vifike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Rekodi chaneli mbili hata kama mchezo ni wa chaneli moja, kwa sababu mara nyingi ukingo mmoja wa utepe umechakaa kuliko mwingine, na baadaye utachagua ulio mzima. Dakika 25 zitachukua takriban megabaiti 430 za faili la WAV. Hiyo ni nakala ghafi. Haiguswi, haisafishwi, haipunguzwi. Iweke sehemu mbili tofauti, ikiwezekana nyumba mbili tofauti, na kila usafishaji ufanywe kwenye nakala ya nakala.

Hapa ndipo ninapopishana na mpwa wako, na nina sababu inayouhusu mchezo wako hasa. Programu za akili mnemba za kusafisha sauti nyingi zimefundishwa kutambua maneno ya binadamu na kufuta kila kisicho maneno. Kwa hotuba au mahojiano zinafaa sana. Mchezo wa anga za juu haukuumbwa kwa maneno peke yake. Mvumo wa injini umekaa palepale unapokaa mngurumo wa umeme wa nyumbani, kwenye hezi 50, 100 na 150. Sauti ya mtambo inayokwaruza na kutetema, ikiwa ilitengenezwa kwa mbinu iliyojulikana sana tangu karakana ya sauti za redio ya BBC iliyoanzishwa 1958, ni sauti ya mwigizaji iliyozidishwa na mlio wa chini wa hezi 30 hivi. Programu itaiona kama kasoro na kujaribu kuinyoosha. Na hiyo tamati yako, nahodha akiita dunia isiyojibu: mikwaruzo ya redio anayoisikia ndiyo mchezo wenyewe. Ukiifuta, anabaki mtu anayeongea ndani ya chumba kikimya, na hofu yote imekwenda.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Programu za kisasa hazifuti tu, hujaza pia. Tofauti ya "thamani" na "samani" iko kwenye sauti kali za juu, ambazo masafa ya kati yalizikata. Wewe uliyekuwa ukisikiliza ulizitenganisha kwa maana ya sentensi. Programu itachagua moja na kuitamka kwa usafi kabisa, na atakayeusikiliza mchezo kwa mara ya kwanza hatakuwa na njia ya kujua kwamba neno hilo limebuniwa.

Kwa hiyo, kabla ya kusafisha chochote, sikiliza nakala ghafi yote ukiwa na karatasi, uandike dakika na sekunde ya kila sauti isiyo maneno: hiki ni king'ora, huu ni mlango wa chombo, huu ni mkwaruzo. Mkwaruzo wa hewani mwaka 1987 hauheshimu matukio ya mchezo. Unapita juu ya mtangazaji, juu ya muziki, juu ya kila kitu. Mkwaruzo wa mchezo huanza na kukoma pamoja na tukio lake. Wewe unayeujua mchezo kwa kichwa ndiye mtu bora wa kufanya kazi hii, kuliko mimi na kuliko programu yoyote.

Ukishamaliza, safisha kidogo. Zana ya kupunguza kelele ya Audacity inahitaji kwanza mfano wa kelele tupu wa sekunde moja au mbili. Uchukue kabla mtangazaji hajaanza kuongea. Usiuchukue katikati ya mchezo pale panapoonekana ni kimya, kwa maana ukimya wa ndani ya chombo cha anga ulitengenezwa studioni, na ukiutumia kama mfano unaiamuru programu ifute chombo kizima. Punguza desibeli sita, si 20. Halafu chagua usikilize kinachotolewa badala ya kinachobaki. Ukisikia kwenye takataka hizo silabi, nyayo au mvumo wa injini, umezidisha; rudi nyuma. Waigizaji wa redio walionyesha umbali kwa kusogea mbali na maikrofoni, na mkia wa sauti ya mtu anayeondoka ni mwembamba kiasi kwamba usafishaji mkali huukata kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu nahodha anayesikika kabla hajaongea: utepe uliozungushwa umelaliana tabaka kwa tabaka, na tabaka lenye sauti kubwa huambukiza sumaku yake kwa jirani zake. Joto huongeza maambukizi. Ukicheza, mwangwi huo hutangulia au hufuata neno kwa muda wa mzunguko mmoja wa gurudumu, yaani kati ya sekunde moja na nusu na sekunde tatu hivi. Utautofautisha na mwangwi wa makusudi kwa kipimo kimoja: mwangwi wa studio una muda uleule mchezo mzima, lakini huu hubadilika kadiri gurudumu linavyonenepa au kukonda. Kupeleka utepe mbele na nyuma mara mbili au tatu kabla ya kunakili huupunguza kidogo. Hauishi wote. Ukitokea kwenye kimya kabla ya sentensi, unaweza kuushusha kwa mkono mahali hapo. Ukiwa chini ya maneno, uache.

Umeuliza kama utausikia tena kama zamani. Kimo cha sauti kitarudi, yowe litakwisha, maneno yatafahamika. Sehemu ambazo ukungu umekula zitabaki na mashimo, na mwangwi kiasi utabaki. Ukitaka kuukaribia usiku ule, sikiliza kwa spika moja ndogo ya sentimita kumi hivi, si kwa spika mbili kubwa wala simu. Mafundi wa studio walipima uwiano wa sauti na vishindo wakijua wasikilizaji wengi wana redio ya namna hiyo, na kwenye spika kubwa injini humeza mazungumzo. Baadaye, siku nyingine, vaa spika za masikioni. Huenda ukasikia vitu ambavyo redio yenu isingeweza kuvitoa: karatasi za maandishi zikifunuliwa, mguu wa mtu ukigonga stendi ya maikrofoni, mwigizaji akivuta pumzi kabla ya zamu yake. Wengine huona haya yanaharibu ndoto. Kwangu mimi yanaongeza heshima kwa watu waliojenga chombo cha anga ndani ya chumba kimoja kwa karatasi, midomo na maikrofoni.

Kama utataka wapenzi wengine waupate, kunakili kwa ajili ya kusikiliza nyumbani ni jambo moja, kuutoa hadharani ni jingine. Mchezo una mwandishi, waigizaji na kituo kilichoutangaza, na haki zao zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Ikiwa ulitoka Redio Tanzania Dar es Salaam, anza na TBC iliyorithi kazi zake. Ofisi ya kukupa mwongozo wa haki ni COSOTA. Waambie pia una nakala ghafi. Vituo vingi duniani vilifuta tepe zao ili vizitumie tena, na mara kwa mara rekodi ya msikilizaji ndiyo inayobaki peke yake.

Mtafute mtu wa kukuona ana kwa ana kama utepe umekatika au umechomoka kwenye kigurudumu, kama ganda halina skurubu, kama ukungu umeufunga utepe hata hauzunguki kwa kalamu, au kama kaseti ilipata maji ya mafuriko. Ukienda, beba kwanza kaseti usiyoijali, umwombe fundi aicheze mbele yako dakika tano, mbele na nyuma. Muulize anasafisha rola kwa kutumia kitu gani, na anarekodi kwa muundo gani. Akisema anarekodi moja kwa moja kwa MP3, au akitaka kubaki na kaseti yako wiki nzima bila kukueleza atakachofanya, ondoka nayo. Akikubali, mwandikie kwenye karatasi na uibandike juu ya kaseti: nakala ghafi ya WAV, kilohezi 48, biti 24, chaneli mbili, bila kusafisha, na ganda la zamani lirudishwe pamoja na lebo yake.